Kopo Halikukosea

Mwanangu Rukia,

Amani iwe juu yako, na juu ya begi lako pia, maana tangu asubuhi mama yako amelifungua na kulifunga mpaka zipu imeanza kugoma. Wewe umekwenda Tandale kumuaga shangazi yako. Najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa sababu shangazi yako hamwachi mtu aondoke bila kula, na akishakula hamwachi aondoke bila kusikiliza habari za majirani wote. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa kwenye meza ya kazi, nimesogeza pembeni spika mbili za watu, naandika.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuficha simu kwenye basi na ya kutokula vya njiani, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho mlangoni. Mimi sina la kuongeza hapo.

Nina jambo moja tu. Jana ulipokuwa unafagia karakana, ulisema kwa sauti ya chini, umenipa mgongo: "Baba, bado sijaamua. Naweza kuwapigia watu wa Mwanza nikawaambia nimeghairi kazi yao." Nikajifanya sikusikia. Hiyo ndiyo faida pekee ya masikio kama yangu, watu hawajui lini unajifanya. Lakini nilisikia. Nilisikia na ulichoongeza ulipofika mlangoni: "Nani atakusikilizia?"

Barua hii ni jibu la swali hilo. Imekuwa ndefu kwa sababu jibu lenyewe linaanzia mbali, kwenye kopo. Habari za kopo unazijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyelitengeneza. Ila upande wa meza niliokaa mimi hukuuona vizuri, na mengine niliyafanya makusudi usiyaone.

Ulipomaliza chuo ulirudi nyumbani na ugonjwa wa kupima. Ulipima umeme wa kila chumba, ukapima betri za rimoti, ukapima mpaka pasi ya jirani. Ulipokosa cha kupima ukageukia spika zangu.

"Baba, unajuaje kama hii imekaa sawa?"

"Nasikiliza."

"Na ukikosea?"

Nikacheka. Hapa Mtoni wananiita Fundi Sikio, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Mtu akileta spika nilikuwa nagonga boksi kwa kifundo cha kidole, namwambia ubao umeachia upande gani kabla hajakaa. Kisha nachukua maiki, nasema maneno yangu yale: "Sukari, soksi, sisimizi." Nasikiliza zile herufi esi zinavyotoka. Zikiwa butu naongeza nguvu ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Zikiwa kali napunguza. Maneno yakikaa, kazi imekwisha, mteja abebe. Wewe ulikuwa unayaimba maneno hayo uani ukiruka kamba, kabla hata hujajua kuyaandika.

Ukasema tutengeneze kifaa chetu cha kupimia sauti. Ukanieleza kwa subira ambayo sijui umeirithi kwa nani. Maiki inasikia sauti na kutoa umeme unaopanda na kushuka kama sauti inavyopanda na kushuka. Kompyuta haielewi umeme wa namna hiyo, inaelewa namba. Kwa hiyo katikati lazima akae mkalimani, autazame ule umeme maelfu ya mara kwa kila sekunde, na kila akiutazama aandike namba. Nikauliza, kwani kompyuta yako haina mkalimani wake? Ukanionyesha. Ulichomoa maiki kabisa na bado mstari kwenye kioo ulikuwa unatetemeka, kwa sababu mkalimani wa ndani anakaa na kelele za kompyuta yenyewe, feni yake, chaja yake na kila kitu.

"Huyu hawezi kumsikia mtu anayenong'ona, baba. Amekaa sokoni."

Hapo ukanipata. Kumtoa mtu sokoni ni jambo ninaloweza kulielewa.

Chipu, ndiye huyo mkalimani, tuliagiza kwa jirani anayefuata mizigo China. Ilipofika nilidhani ametuletea uchafu wa mfukoni, kitu kidogo kuliko ukucha, kina miguu mingi kama tandu. Wewe ulishika lenzi, mimi nikachomelea, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado hautetemeki na wako ulikuwa na haraka. Ukatafuta chombo cha bati cha kukifungia ndani ili mawimbi ya simu na redio yasiingie, na ndani ya nyumba hii bati zuri lilikuwa moja, kopo la biskuti la mama yako. Kama makopo yote ya biskuti nchi hii, ndani yake mlikuwa na sindano, nyuzi na vifungo. Mama yako mpaka leo anauliza vifungo vyake viko wapi.

Tulipoliwasha mara ya kwanza likaunguruma. Ulikaa unalitazama kwa huzuni. Mimi nikafurahi, maana muungurumo wa umeme wa nyumba nimepigana nao maisha yangu yote ndani ya amplifaya. Nikakuambia waya zote za ardhi zikutane sehemu moja, zisitangetange, na tuachane na umeme wa ukutani tutumie betri. Muungurumo ukafa. Ukanitazama kwa heshima, na ile heshima nikaihifadhi. Nasema haya ili ujue nilikuwa na kiburi kiasi gani katika kopo lile. Lilikuwa la kwako, lakini ukimya wake niliuona wa kwangu.

Kitu ulichonifundisha wakati huo, ambacho nimekibeba, ni kuziba mdomo wa kopo. Kabla ya kupima spika ya mtu, unaunganisha waya wa kuingilia na ardhi ili kisiingie chochote, kisha unatazama mstari. Kinachoonekana hapo ni kelele ya kopo lenyewe. Ukishaijua, ndiyo unaweza kusema hiki ni cha spika na hiki ni changu. Kila siku ulianza hivyo. Mimi nilikuwa nakuona unapoteza muda.

Ndipo akaja Mwalimu Anjela, yule mwalimu wa kwaya wa Boko ambaye nilimtengenezea spika za kanisa lao. Wewe ulikuwa mlangoni, ulimwamkia, ukamletea kiti. Hakukaa.

"Fundi, mie sijaja kugombana," alisema. "Ila zile spika zinachoma. Tukiimba, watoto wa safu ya mbele wanaziba masikio. Kwani zile za mwanzo ulizotufungia zilikuwaga hivi?"

Nikamwambia ni kuta za kanisa. Nikasema sakafu ya vigae hurudisha sauti, nikasema waongeze mapazia. Alikuwa mpole, akakubali kuleta spika moja tuitazame. Ilipokuja ukaiweka katikati ya karakana, ukaziba mdomo wa kopo, ukafungua, ukapima. Mstari ulikuja vizuri tangu kwenye sauti nene mpaka katikati. Ulipofika kwenye sauti nyembamba ukapanda kilima. Hakikuwa kilima cha kubahatisha, kilikuwa kilima cha mtu aliyekaa akaongeza twita, akaongeza tena.

Ulisema taratibu, "Baba, huku juu imezidi."

Nikasema, "Kopo lako linadanganya."

Sasa hapa ndipo upande wangu wa meza unapoanza. Ulikuwa umenieleza kwamba sauti nyembamba kupita kiasi zikiingia kwenye kopo, mkalimani hawezi kuzifuata, basi huziandika kama sauti nyingine za chini yake, kama feni inavyoonekana kwenye video inazunguka kinyumenyume. Ndiyo maana uliweka kichujio mlangoni kuzizuia. Nilivyotafuta pa kujificha nikaona hapo panatosha. Nikakuambia kichujio chako kinavuja, kile kilima ni sauti za uongo zimerudi. Nilisema kwa uhakika wa fundi wa siku nyingi. Nikatumia elimu uliyonipa wewe kukudanganya wewe. Hata hivyo siku hiyo nilikuwa nusu naamini.

Ulipendekeza tupime na masikio yangu, ili tuwe na uhakika pande zote. Uliniuliza kwa adabu nyingi, ukitazama chini. Nikasema pima. Ukanivisha hedifoni, ukaniambia ninyanyue kidole kila nikisikia sauti, ukageukia kompyuta. Sauti nene nilizisikia zote. Za katikati nikazisikia. Halafu kukawa kimya. Nikasubiri. Kwenye ile amplifaya ndogo uliyoifunga mwenyewe kulikuwa na taa ya kijani, ilikuwa inawaka kila sauti inapopita. Nikaiona inawaka, na masikioni hakuna kitu.

Nitakuambia nilichofikiria wakati ule, nacho ni cha kipuuzi. Nilifikiria nyenje. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawaambia watu kwamba nyenje wamehama Mtoni, mji umejaa, nyumba zimebanana, hata wadudu wamechoka. Mama yako alikuwa ananitazama tu. Kumbe nyenje wapo. Walikuwa wanapiga kelele kila siku nje ya dirisha langu na mimi nawatangazia msiba.

Nikanyanyua kidole. Taa ikawaka tena, nikanyanyua tena. Nilifuata taa mpaka mwisho wa kipimo. Ulipogeuka uso wako ulikuwa umefunguka kwa furaha. "Masikio yako ya kijana, baba!" ulisema. Nami nikasema, "Si nilikuambia."

Basi ukalifungua kopo. Kama masikio ni mazima na spika ni nzuri, kosa liko ndani ya kopo, hesabu ni nyepesi. Ulitoa kichujio, ukakichora upya. Ulibadili chipu. Ulitupa ubao wa kwanza ambao haukuwa na kosa lolote, ukaanza wa pili. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nakuona unatafuta ugonjwa kwenye mwili wa mtu mzima wa afya, na dawa nilikuwa nayo mfukoni.

Chuo kilikuwa kimekuchagua upeleke kopo kwenye maonyesho ya vijana wabunifu. Siku ilipofika, kopo lilikuwa limelala mezani, vipande vipande. Uliwapigia ukawaambia huendi. Ulipoona nakutazama ukasema, "Siyo ishu baba, yatakuja mengine." Nikasema inshallah. Nilikuwa na sauti ya kusema neno zaidi ya hilo, sikulisema. Niliona aibu, na aibu ile niliiacha ikae ndani yangu kwa sababu kuitoa kungenipunguzia jina. Kati ya mambo yote niliyowahi kufanya kwa ajili ya jina, hilo ndilo ambalo halikunipa faida hata siku moja.

Kopo la pili lilipokamilika ulipima spika ya Boko tena. Kilima kilikuwa pale pale, kimo kile kile.

Ulikwenda kumsaidia mama yako kuchambua mchele. Kesho yake asubuhi ukaniambia, "Baba, turudie kile kipimo cha masikio, kopo ni jipya." Nikakaa nikavaa hedifoni. Nikatafuta taa yangu. Juu ya taa ulikuwa umebandika kipande cha tepu nyeusi.

Kilikuwa kidogo, kimekatwa kwa mkasi, pembe zake zimenyooka. Hukunitazama. Ulikuwa umegeukia kompyuta kama siku ya kwanza, mgongo wako ukiwa mahali pale pale. Ungeweza kuniuliza. Ungeweza kumwita mama yako, au kusubiri Mwalimu Anjela aje. Ulibandika tepu, ukanipa nafasi nyingine ya kusema kweli kwa kidole.

Zilipofika sauti nyembamba nikaacha mkono juu ya goti. Nilijua unapitisha sauti moja baada ya nyingine, na mkono wangu haukunyanyuka, na kila usiponyanyuka unajibu.

Ulipomaliza ulitoka. Nilidhani umekwenda kulia. Ulirudi umebeba spika ya sebuleni, ile ya zamani niliyoifunga mwaka ule ulipoanza shule, ambayo mama yako huiwekea kitambaa na maua ya plastiki. Ukaondoa maua, ukaipima. Mstari ulinyooka kuanzia sauti nene mpaka juu kabisa, haukupanda wala kushuka.

"Hii uliifunga kwa sikio tupu, baba," ulisema. "Hukuwa na kifaa chochote."

Basi. Ukarudisha maua.

Nimekaa na maneno hayo kwa muda sasa. Kopo lilinivua jina, na lile lile likathibitisha kwamba jina nilistahili, wakati wake. Sikio halikuwahi kuwa la uongo. Lilikuwa linaisha kidogo kidogo, nami kila mwaka nikawa naongeza twita kufidia, nikidhani ni spika za siku hizi ndizo zilizokuwa butu. Najua lilikoishia pia. Ujanani nilikuwa nakodisha mziki wa sherehe, na kwenye zile sherehe za kukesha nilikuwa nalala juu ya spika zikiwa zinapiga, ili mtu asiibe waya. Wenzangu walinisifu kwa usingizi mzuri.

Sasa mambo mawili, halafu nirudi kwenye swali lako.

La kwanza, huko hospitalini Mwanza utakuwa unatengeneza mashine za kupimia watu. Atatokea mtu, huenda akawa mkubwa wako, atakuambia mashine yako inadanganya, naye atasema kwa uhakika mkubwa kama nilivyosema mimi. Mara nyingine atakuwa anasema kweli. Mara nyingine atakuwa ana nyenje zake. Mfanyie ulivyonifanyia mimi. Usimwaibishe mbele za watu, bandika tepu na urudie kipimo. Hili sikufundishi, nakurudishia tu lililo lako.

La pili ni gumu kidogo. Ulitupa ubao uliochomelewa vizuri kwa sababu baba yako alinyanyua kidole. Lawama ni yangu, wala sitaki tugawane. Lakini nimegundua una mazoea hayo, mtu unayempenda akisema kuna kosa, unalitafuta ndani ya kazi yako kabla ya kumtazama yeye. Jana uliposema utawapigia watu wa Mwanza, niliona kopo linafunguliwa tena. Kazi ile haina kosa. Uliitafuta, ukafanyiwa usaili, ukaipata. Kinachokufanya uitilie shaka ni masikio yangu, nayo hayawezi kupona hata ukikaa hapa mpaka uote mvi. Ukikaa, utakuwa umetupa ubao mzima mara ya pili kwa ajili ya kosa lililoko kwingine. Mara ya kwanza niliruhusu nikanyamaza. Mara hii sitaki kunyamaza.

Unauliza nani atanisikilizia. Juzi ulipokwenda kupimwa afya kwa ajili ya kazi, ulizunguka siku nzima, sikukuambia nilikuwa nafanya nini. Mwalimu Anjela ameagiza spika mbili za kwaya ya watoto. Nilizifunga peke yangu. Niliziba mdomo wa kopo nikatazama kelele yake, nikafungua, nikapima, nikapunguza twita, nikapima tena. Mstari uliponyooka nikaenda kukaa mbele ya spika nikasema maneno yangu. Kwangu zilitoka butu, kama mtu anayesema akiwa amejifunika shuka. Mkono uliniwasha niongeze kidogo. Nikaukalia mkono.

Mwalimu alipokuja kuzisikiliza nilimwambia kabla hajawasha. Nilimwambia zile zilizochoma kosa lilikuwa langu, kuta za kanisa hazina hatia, sauti za juu masikio yangu hayazipati tena, na hizi nimezifunga kwa kutazama mstari. Nilikuwa nimejiandaa kwa huruma. Yeye akachukua maiki, akaimba ubeti mmoja, akaimba wa pili, akatabasamu.

"Hizi zimetulia, fundi. Kwa hiyo Fundi Sikio tumemzika?"

"Tumemzika, mwalimu."

"Basi karibu, Fundi Macho."

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kufikia jioni watoto wa mtaa walikuwa wameshalipokea jina hilo, hujalisikia tu kwa sababu ulirudi umechoka, na tangu hapo umeshughulika na safari. Kwa hiyo swali lako lina jibu. Atakayenisikilizia ni kopo, na kopo umelitengeneza wewe, mara mbili, na mara zote mbili lilisema kweli. Naomba uliache mezani. Mengine yote chukua, hata lenzi.

Limebaki jambo la sauti yako, na hili nitalisema bila kuzungukazunguka. Nitapata upweke. Nyumba itapwaya. Ila kuna kitu kilinisumbua zaidi ya hicho, ni kwamba tangu siku ile ya tepu najua ninachokikosa ukizungumza. Ukisema "shikamoo" napokea nusu, nusu nyingine kichwa changu kinaijaza kwa mazoea. Nikawa naogopa kwamba unaondoka na mimi sijui tena unavyosikika.

Leo asubuhi ulikuwa unaosha vyombo uani, ukaanza kuimba sukari, soksi, sisimizi, sijui kama ulijua unaimba. Nilisogeza maiki dirishani nikawasha kopo. Sauti yako imeingia yote. Inapita pale masikio yangu yanapoishia, inaendelea juu, na esi zako zimesimama moja moja, safi kabisa. Nilikaa nazitazama. Nililia kidogo, kisha nikahifadhi faili.

Halafu nikafanya kipimo kimoja zaidi, na hicho ndicho kilichonifanya nikae niandike. Nilimtuma mama yako asimame barabarani anipigie simu, nikaiunganisha simu na kopo. Nilitaka kujua nitakusikiaje ukiwa Mwanza. Mwanangu, simu ya kawaida haipitishi sauti nyembamba. Ndivyo ilivyotengenezwa tangu zamani, inapitisha kiasi cha mtu kueleweka, huko juu inafunga mlango. Nimetazama inapokatia. Inakatia karibu pale pale yanapokatia masikio yangu.

Maana yake ni hii. Hapa nyumbani kila mtu anakusikia kunishinda, mama yako, jirani, mpaka kuku. Ukishafika Mwanza ukapiga simu, hakuna atakayenizidi kukusikia. Tutakuwa sawa.

Kwa hiyo nenda. Na usinipigie ile ya intaneti, inapitisha sauti nyingi na mama yako atanizidi tena. Piga ya kawaida.

Baba yako,
Fundi Macho, Mtoni